Usimshukuru Mzee Pazi

Mwanangu Minza,

Nakusikia chumbani kwako unafungua sanduku na kulifunga tena. Shangazi yako amekwisha kukuambia yote ya safari: usinunue vyakula vya dirishani, usisinzie mkoba ukiwa miguuni, ukifika upige simu. Mimi sina la kuongeza hapo. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku uisome asubuhi ukinywa chai, kabla hatujatoka kwenda stendi. Iwe kabla, nakuomba. Ukiisoma ndani ya basi haitakuwa na kazi tena.

Ningeweza kugonga mlango nikakuambia kwa mdomo. Nimejaribu jana, na juzi pia. Kila nikianza nakohoa, nawe unaniletea maji na kuniuliza kama nimemeza dawa, na mara tunakuwa nesi na mgonjwa. Baba na mtoto tunawaacha nje. Ndiyo maana nimechukua kalamu, mimi ambaye barua ya mwisho niliandika kumposa mama yako, na hata hiyo nilisaidiwa.

Nataka tuzungumze habari ya Mzee Pazi.

Usiikunje barua. Najua jina hilo halitajwi humu ndani tangu tulipomzika mama yako, na najua ni kwa nini. Lakini wewe umepangiwa kazi Kisarawe, na Kisarawe ndiko alikotoka yeye. Unakwenda kuwatibu ndugu zake. Siwezi kukuacha uondoke na jambo hili likiwa bado limelala kati yetu kama mbwa mlangoni, kila mtu analiruka akipita.

Wewe ulikuwa mdogo tulipohamia Geita, hukumbuki tulivyofika. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye mgodi mkubwa upande wa Kahama, nilikokuwa naendesha gari la kumwaga maji barabarani ili vumbi lisipande. Tulishuka Kalangalala na magodoro mawili, masufuria, na kitanda ambacho nilikibeba kichwani kwa sababu mkokoteni ulitaka hela ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa mtu aliyeshindwa, Minza. Nilikuwa natembea nikitazama chini nisikutane na macho ya mtu. Hapo ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye kibanda cha nazi: "Afadhali umekuja mwenyewe, Msukuma. Babu yako alibeba mizigo ya babu yangu mpaka pwani, akasahau kitanda. Kiweke hapo, nimekingoja muda mrefu."

Nilisimama na kitanda changu kichwani. Kabla sijakitua, mama yako aliyekuwa nyuma yangu, wewe ukiwa mgongoni kwake, akajibu: "Kifuu wewe. Ulishakunwa zamani, tui limekwisha, unapiga kelele tu." Mzee Pazi alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini. Jioni alitutafuta, akaja na nazi mbili na sufuria ya wali, akasema wake zake wamepika ukabaki, hawana mbwa. Tulikula wote. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kucheka tangu niliporudisha funguo za gari la watu.

Mengine unayajua. Wewe alikuita Mchembe, kwa sababu ulikuwa mwembamba na mkavu kama kiazi kilichoanikwa juu ya mwamba. Ulipofaulu darasa la saba alipita barabarani akitangaza kwamba viazi navyo siku hizi vinasoma. Ulipokuwa chuoni alikuwa akiniuliza, "Mchembe wangu hawajauloweka huko?" Wakati huo hakuna siku aliyoniita kwa jina langu. Nilikuwa Punda, na wakati mwingine, nikiwa nimevaa vizuri kwenda kanisani, Punda wa Arusi.

Sasa nije kwenye siku ile ya maziko.

Sanduku la mama yako lilikuwa uani chini ya turubai, katekista hajafika. Wewe ulikuwa umekuja usiku kutoka chuo, hukuwa umekula wala kulala. Mzee Pazi akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amefunga aproni ya mama yako, ile ya bluu ya kuuzia dagaa, na beseni lake kichwani, na alitembea kama mama yako, bega moja juu. Akazunguka waombolezaji akinadi kwa sauti yake, kwa kile Kisukuma chake cha Ushetu kilichochanganyika na Kiswahili: "Dagaa, mayu, dagaa, mama! Usiponunua leo kesho utakula mboga ya macho!" Watu walianza kucheka huku wanalia. Akafika kwenye sanduku, akaweka beseni chini, akaligonga ubao. "Mama Minza. Nimevaa nguo yako na unaniangalia tu? Amka unisute. Tangu lini wewe ukanyamaza mimi nikasema?"

Ukasimama. Sauti yako haikupanda hata kidogo. Ulisema, "Tunashukuru sana, mzee. Msiba wetu ulikuwa umekosa kichekesho, umetuletea. Ukimaliza maonyesho yako, mlango ni ule ulioingilia."

Yule mzee alivua aproni taratibu, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya benchi. Akakutazama. "Samahani, binti. Pole na msiba," akasema, akatoka. Hukuwa tena Mchembe wake. Alikuita binti, kama anavyomwita binti yeyote asiyemjua.

Mimi nilikaa kimya. Wazee wenzangu walinitazama nami nikatazama miguu yangu. Na sababu ya kimya changu nitakuambia, kwa kuwa nadhani umeikosea. Hukunifedhehesha. Nilikuwa nimecheka, mwanangu. Alipotembea vile, bega juu, nilimwona mama yako anakuja kutoka sokoni, nikacheka kwa sauti kabla sijajua, na nilipogeuka nikakuta unanitazama. Niliona jicho lako. Niliona aibu ya mume anayecheka mbele ya sanduku la mkewe. Kwa hiyo ulipomfukuza mzee wa watu mimi nilipata mahali pa kuificha aibu yangu. Nilikuacha uibebe wewe.

Nakumbuka ulipokuwa sekondari ulikuja siku moja na daftari la Kiswahili ukanisomea habari ya kinaya na kejeli. Kwamba yote mawili mtu anasema kinyume cha anachokusudia, ila kejeli ni ya kuumiza. Ulinipa mifano, nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Sikuelewa. Mimi hayo niliyajua kwa njia nyingine, na kwa kuchelewa.

Kule mgodini tulikuwa na msimamizi Mzungu, mtu wa Australia, mrefu, shingo nyekundu. Mimi nilikuwa nawahi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na hofu ya kazi. Kila alfajiri nikifika, giza bado lipo, ananiambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mchana mwema, Masanja." Sura haicheki wala haifanyi nini. Nikajua nimechelewa. Kesho yake nikawahi zaidi. "Mchana mwema, Masanja." Nikaanza kutoka nyumbani majogoo wamelala, mama yako ananipikia chai huku anasinzia, mpaka ikafika mahali nikalala getini ndani ya koti. Asubuhi ile alinikuta hapo, akanitazama muda mrefu, akaniambia, "Jioni njema." Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako nafukuzwa kazi. Alicheka mpaka akaangusha kikombe. "Baba Minza, yule anakutania. Anakupenda yule." Nikambishia, Mzungu na utani wapi na wapi? Kwetu mtani ana kabila lake, unamjua kwa babu. Atanitaniaje mtu ambaye babu yake hakuwahi kumjua babu yangu? Lakini nikaanza kumchunguza. Waliokuwa hawampendezi aliwasalimia vizuri sana, habari za asubuhi, habari za familia, na hao ndio waliopewa barua za kuachishwa kazi mapema.

Na kulikuwa na karani, Mtanzania mwenzetu, hata lafudhi yake nilikuwa naifahamu. Niliwahi kumuuliza mbele ya wenzangu kwa nini vitambaa vya kufunika pua hatupewi vipya. Akasema, "Jamani, tumpishe profesa." Tangu siku hiyo nikawa Profesa. Nami, nisikufiche, nilifurahi. Nilikwenda kumsimulia mama yako kwamba ofisini wananiita Profesa. Safari hii hakucheka. Alininawisha mikono, akasema, "Usimwitikie tena."

Alijuaje? Nilimuuliza siku nyingine. Akaniambia kwao Ushetu alikulia kwenye tumbaku, kazi yake ilikuwa kuchambua majani baada ya kukaushwa. Majani yote yana rangi moja ya kahawia, lakini moja limeiva na lingine limeoza, na macho hayakusaidii. Unalishika. Lililoiva linajikunja mkononi, lililooza linakuachia uchafu kwenye vidole. "Basi na maneno ni hivyo," akasema. "Mtu akikutania, ukiondoka una kitu. Akikukejeli, unakwenda kunawa."

Wewe ni nesi, nitakupa mfano wa kazi yako. Usiku uliozaliwa wewe mama yako alipiga kelele sana. Nesi mmoja msichana, amejipamba, akamwambia, "Piga kelele vizuri, mpenzi, pengine baba yake atakusikia huko alikolala." Kumbe mimi nilikuwa nje ya dirisha nasikia kila kitu, sijalala. Mama yako alinyamaza pale pale, akang'ata kanga, na nguvu zikamwisha. Baadaye aliingia mkunga mzee, nadhani alikuwa Msumbwa, akamkagua, akasema, "Huyu mtoto amepapenda. Ama umtoe wewe ama nilete jembe." Mama yako akacheka katikati ya uchungu, na katika kucheka huko ukatoka. Kwa sikio la mpita njia jembe ni ukatili kuliko mpenzi. Lakini mama yako yule wa kwanza hakumsahau mpaka kufa kwake, na yule wa pili alimpelekea karanga kila mwaka.

Naogopa, Minza. Nitalisema wazi. Tangu siku ya msiba ulimi wako umebaki palepale uliposimama. Shangazi yako akichelewesha chakula unamwambia, "Tusikuharakishe, shangazi, wali wenyewe si unajipika." Jirani akileta mtoto wake anayeharisha unamwambia, "Mngengoja kidogo, mngemleta kwenye jeneza." Hukutaka kumuumiza, najua, ulikuwa na hasira kwa ajili ya mtoto. Lakini yule mama hajarudi. Na Kisarawe watakuja wanawake wengi wenye watoto waliochelewa.

Sisemi ulijifunza wapi. Mimi mwenyewe mwaka huu mzima nimekuwa nikizungumza hivyo, na wewe, na sahani, na redio. Nadhani ni kwa sababu hatukulia. Mtani huja msibani kufanya kazi, Minza, sawa na mchimba kaburi. Anamwigiza marehemu ili mwone mara moja ya mwisho alivyokuwa, mcheke, na kicheko kifungue njia ya kilio. Sisi mtani wetu tulimtoa nje kazi ikiwa nusu. Siku ya kuanua tanga hakuna aliyekuja kutusumbua, hakuna aliyeiba kuku, hakuna aliyekalia kiti changu akagoma kutoka. Tulikunja mikeka kama watu wanaofunga duka.

Nami Mzee Pazi nimemwona karibu kila siku tangu wakati huo. Unajua ananiambiaje? "Habari za asubuhi, Mzee Masanja." Ananipisha njia. Ananiuliza afya yako, anasema Mungu akulinde. Mwaka mzima anaongea nami kwa adabu, na sijawahi kutendewa jambo linaloniuma kama hilo. Ningekuwa sikumjua yule Mzungu nisingeelewa ninachofanyiwa.

Leo mchana, ulipokwenda kuaga kanisani, nilikwenda kwenye kibanda chake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikasimama mbele ya nazi zake nikasema, "Mla nazi, bado hujafa? Kisarawe wameshachimba shimo, wanalizungushia uzio mbuzi wasitumbukie." Wateja waligeuka. Yeye aliendelea kufua nazi yake. "Karibu, mzee wangu. Vuta kigoda," akasema.

Nikakaa. Nikamwambia tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba Minza anaondoka kesho. Akasema, Mungu amjalie safari njema. Nikamwambia amepata kazi zahanati ya huko Kisarawe.

Mkono wake ulisimama. "Kwetu?"

"Kwenu."

Akaitazama nazi. Akaigeuza geuza. Kisha akasema, pole pole, bila kuniangalia, "Hawatamweza yule. Wataloweka usiku kucha, asubuhi hajalainika."

Nilikohoa, na safari hii haikuwa vumbi. Tulikaa hivyo, wazee wawili na lundo la makumbi, mteja anauliza bei na hakuna anayemjibu. Ndipo akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike. Akasema, "Mimi nilimkosea yule mtoto. Nilitazama sanduku sikumtazama yeye. Mtoto aliyetoka safari usiku, mama yake amelala pale, ningemwacha kwanza alie. Lakini siwezi kumwomba msamaha, Masanja, maana mtani akiomba msamaha utani umekwisha. Nilimwomba siku ile, na unaona tulivyoishi." Akasema kesho atakuja stendi. "Nitamtukana mara moja. Akininyamazia, ama akinishukuru kama alivyonishukuru, nitamtakia safari njema na tutaishi kwa adabu mpaka tufe."

Sasa unajua kwa nini nilitaka uisome kabla.

Na kuna jambo lingine, nalo nalisema kwa sababu wewe ni nesi na hatuna haja ya kudanganyana. Umekisikia kifua changu. Miaka ya karasha hapa Geita, kusaga mawe ya dhahabu za watu, haiwezi kutoka kwa vidonge. Nimefikiri sana kuhusu siku yangu, na sitaki hotuba. Nataka mtu mmoja afunge shuka langu, akohoe kama mimi, asimame mbele ya sanduku aseme, "Huyu ndiye aliyelipwa kulaza vumbi, na vumbi limemlaza yeye." Nimelitunga mwenyewe, lakini halina ladha nikilisema mimi. Nataka uwepo, ucheke, na ukishacheka ulie mpaka uishe, na unililie mimi na mama yako kwa pamoja, kwa kuwa yeye bado anatudai kilio. Katika Geita nzima ni mtu mmoja tu anayeweza kunifanyia hivyo. Usiponipatia yeye, nitazikwa kwa adabu.

Sikulazimishi kumsamehe. Uliyoyaona siku ile ni yako, na uchungu ule ulikuwa halali yako. Mimi nilipaswa kusimama niseme mbele ya watu, "Minza, huyu ni wetu," halafu nikushike mkono. Sikusimama.

Kesho Mzee Pazi atakuwa pale stendi, pengine karibu na wauza karanga, amevaa kofia yake. Atakuita. Chochote atakachosema, usiseme asante, mzee. Wala kwa Kisukuma usiseme wabeja. Usimpe ule uso wako mzuri wa hospitali. Ukikosa neno, chukua la mama yako. Hakuacha dhahabu wala ng'ombe, lakini hilo alikuachia: Kifuu wewe, ulishakunwa zamani, tui limekwisha. Liseme kwa sauti, bega moja juu, hata mbele ya kondakta na abiria wote. Mimi nitakuwa nyuma yako na sanduku, nasikiliza.

Baba yako,
Punda